Ajali Haina Kinga? Usalama wa Kando ya Uwanja na Dhima ya Wasimamizi wa Kandanda ya Vijana

Utangulizi

Hakuna mwanafunzi wa fasihi ambaye hajawahi kuulizwa katika mtihani aeleze dhima ya fasihi simulizi katika jamii. Katika swali hilo, neno dhima hutumika kwa maana ya kazi au wajibu. Mwanasheria akilitumia neno lilo hilo, humaanisha kwamba mtu fulani ndiye anayepaswa kujibu kwa sababu ya madhara yaliyompata mwenzake, na pengine kuyalipia. Maana hizi mbili zina ujamaa wa karibu: mwenye kazi ndiye huulizwa kazi inapoharibika. Makala haya yananuia kulifuata neno hili hadi mahali ambapo wengi wetu hatukutarajia kukutana nalo, yaani kando ya uwanja wa kandanda ya vijana.

Huenda msomaji akajiuliza mada hii inahusiana vipi na chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni rahisi. Wengi wetu tunasomea ualimu. Mwalimu kijana anaporipoti shuleni, aghalabu hukabidhiwa vitu viwili katika wiki ya kwanza: chaki na filimbi. Chaki ameandaliwa kuitumia kwa miaka minne. Filimbi hupewa kwa sababu tu bado ana nguvu za kukimbia. Kuanzia siku hiyo anakuwa mlezi wa timu, kocha, refa na mshika kibendera, wala hakuna aliyemweleza kwamba filimbi hiyo ina uzito wa kisheria. Siku mtoto atakapoumia, atakimbilia methali aliyoizoea: ajali haina kinga. Swali tunalolishughulikia hapa ni iwapo mahakama itaikubali methali hiyo kuwa utetezi.

Hatari zilizopo kando ya uwanja

Tunapozungumzia usalama wa kandanda, mawazo yetu huenda moja kwa moja kwa wachezaji 22 walio ndani ya mistari. Lakini katika mechi ya shule, watu walio nje ya mistari huwa wengi zaidi: wachezaji wa akiba, walimu, wazazi, wanafunzi wa madarasa ya chini, wachuuzi wa miwa na njugu, na wapita njia. Hawa wote husimama vidole vikiwa juu ya chokaa, na kila timu yao inaposhambulia, mduara wao husogea ndani hatua moja zaidi.

Winga anayeufukuza mpira hawezi kusimama papo hapo mstari unapokwisha. Mwili wake unahitaji hatua kadhaa ili kupunguza kasi. Hatua hizo ndizo zinazoamua kama atarudi mchezoni au atapelekwa hospitalini. Zikiangukia nyasi, hakuna neno. Zikiangukia benchi la mbao, baiskeli iliyolazwa, mtaro wa maji ya mvua, kisiki au mtoto wa darasa la kwanza aliyechuchumaa, panatokea majeruhi wawili badala ya mmoja. Ndiyo maana miongozo ya FIFA kuhusu viwanja, inapotaja uwanja wa kuchezea wa mita 105 kwa 68, huuweka ndani ya eneo la mita 125 kwa 85. Hesabu hiyo huacha mita 8.5 kila upande na mita 10 nyuma ya kila lango. Ni shule chache sana zilizo na nafasi kama hiyo. Hata hivyo, jambo la kujifunza si kipimo chenyewe bali kanuni iliyo nyuma yake, kwamba uwanja hauishii kwenye mstari.

Mataifa mengine yameigeuza kanuni hii kuwa desturi. Nchini Uingereza, mpango wa Chama cha Kandanda ulioanzishwa mwaka 2008 kwa jina la Respect ulihimiza vilabu vya vijana kutenga sehemu maalumu ya watazamaji, kwa kamba au kwa mstari wa pili nyuma ya ule wa pembeni. Katika kandanda ya Kimarekani inayochezwa na shule za upili, kuna ukanda wa yadi 2 kando ya mstari ambao makocha na wachezaji wa akiba hutakiwa kuuacha wazi mpira unapokuwa mchezoni, ili waamuzi wapate pa kupita. Katika soka, Sheria za Mchezo huagiza kwamba eneo la ufundi, pale wanapokaa kocha na wachezaji wa akiba, lisikaribie mstari wa pembeni kwa zaidi ya mita 1.

Hatari ya pili ni lango lenyewe. Sheria ya 1 ya Mchezo inasema kwamba milingoti lazima ishikiliwe imara ardhini, na kwamba lango la kuhamishwa lisitumiwe isipokuwa limetimiza sharti hilo. Sharti hili halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Lango la chuma lisilofungwa huwa na uzito mwingi mbele na juu. Mtoto akiuning'inia mwamba wake, linampindukia. Mwaka 1995, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani ilitoa mwongozo maalumu kuhusu malango ya kuhamishwa baada ya watoto kadhaa kuuawa kwa njia hiyo. Ikumbukwe kwamba hatari hii haingoji mechi ianze. Huwapata watoto wanaocheza baada ya refa kwenda zake.

Hatari ya tatu hutoka juu. Katika maeneo yanayolizunguka Ziwa Viktoria, hususan Kisii na Kakamega, ngurumo na radi za alasiri ni jambo la kawaida, na alasiri ndiyo saa ya michezo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hivyo, ukiona mmweko na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu hadi 30, radi iko umbali wa kilomita 10 hivi au chini yake, nayo inaweza kukufikia. Kanuni inayotumika kwingi ni kusimamisha mchezo, kuwaingiza watu wote ndani ya jengo, na kutorejea uwanjani hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kujikinga chini ya mti ulio pembeni mwa uwanja ni kuikimbilia hatari yenyewe.

Ya nne ndiyo iliyo ngumu kuonekana. Mchezaji anapogongwa kichwani, akaketi kidogo, akanyweshwa maji na kusema yuko sawa, uamuzi mkubwa kabisa wa siku hiyo hufanywa hapo kando ya uwanja. Mtikisiko wa ubongo si lazima uambatane na kuzirai. Dalili zake ni pamoja na kuchanganyikiwa, kuumwa na kichwa, kutapika, kupepesuka, na kushindwa kukumbuka matokeo au jina la wapinzani. Mnamo 2009, jimbo la Washington nchini Marekani lilipitisha sheria inayotaka mchezaji kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko aondolewe mchezoni, na asirudi hadi apate idhini ya maandishi kutoka kwa mhudumu wa afya aliyehitimu. Majimbo mengine yalifuata mkondo huo. Kiini cha sheria hizo ni kwamba neno la mtoto anayetaka kucheza halitoshi.

Msingi wa kisheria: jirani yangu ni nani?

Sheria ya uzembe tunayoitumia Kenya ina mizizi katika sheria ya desturi ya Uingereza, ambayo mahakama zetu huruhusiwa kuifuata na Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, kwa kiasi kinachoafiki hali za Wakenya. Msingi wake wa kisasa ni kesi mashuhuri ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932, iliyotokana na madai ya konokono aliyeoza ndani ya chupa ya kinywaji huko Paisley, Uskoti. Katika kesi hiyo, Lord Atkin alieleza kwamba mtu anapaswa kuwa mwangalifu asimdhuru jirani yake. Na jirani kwa maana ya kisheria ni yule anayeweza kuathiriwa na matendo yangu kwa karibu kiasi kwamba ningepaswa kumfikiria kabla ya kutenda.

Kutokana na msingi huo, mdai hutakiwa kuthibitisha mambo manne. Kwanza, mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake. Pili, mdaiwa aliuvunja wajibu huo kwa kutenda au kutotenda jambo ambalo mtu mwenye busara, katika nafasi ile ile, angelifanya au kuliepuka. Tatu, uvunjaji huo ndio uliosababisha madhara. Nne, madhara yenyewe yalitokea, na yalikuwa ya aina inayoweza kutabirika.

Hapa ndipo methali yetu inapokutana na sheria. Ajali, kwa maana ya kisheria, ni tukio ambalo mtu mwangalifu asingeliona likija. Mchezaji anayevunjika mguu katika pambano halali la kuwania mpira amepatwa na ajali. Mchezaji anayevunjika mguu kwa kutumbukia katika mtaro ulio nusu mita kutoka mstarini, mtaro ambao kila mwalimu alikuwa akiuruka kila siku, ameponzwa na uzembe. Jeraha linaweza kuwa moja, lakini jina la kisheria ni mbali.

Fauka ya wajibu wa mtu binafsi, kuna wajibu wa mwenye mahali. Sheria ya Dhima ya Wamiliki, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, humtaka anayemiliki au kudhibiti mahali kuchukua uangalifu wa kutosha ili mgeni awe salama anapopatumia kwa shughuli aliyoruhusiwa. Sheria hiyo inatambua kwamba watoto huwa na hadhari ndogo kuliko watu wazima, na mwenye mahali anapaswa kulitarajia hilo. Haitoshi basi kusema kwamba mtoto hakupaswa kuuning'inia mwamba wa lango. Watoto huning'inia. Aidha, Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayopewa uzito mkubwa zaidi katika kila jambo linalomhusu.

Refa mbele ya mahakama

Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba refa hawezi kushtakiwa na mchezaji aliyeumia. Imani hiyo ilivunjwa na kesi mbili za raga ambazo, ingawa si za kandanda, zinamhusu kila anayepuliza filimbi.

Ya kwanza ilitokana na mechi ya vijana wa chini ya miaka 19 iliyochezwa Uingereza mwaka 1991. Kijana wa miaka 17, aliyecheza katikati ya mstari wa mbele wa skramu, alivunjika shingo skramu ilipoporomoka, akapooza. Skramu zilikuwa zimeporomoka mara nyingi kupita kawaida siku hiyo. Kanuni za vijana zilikuwa zimeagiza makundi mawili yakutane kwa hatua, si kwa kugongana kwa kishindo, na refa hakuisimamia kanuni hiyo ipasavyo. Tena alikuwa ameonywa na mwamuzi wa pembeni kwamba mtu angeumia asipozidhibiti skramu. Mahakama Kuu ilimwona na hatia ya uzembe, na mnamo Desemba 1996 Mahakama ya Rufaa, chini ya Lord Bingham, iliuthibitisha uamuzi huo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba dai dhidi ya mchezaji wa timu pinzani lilishindwa. Dhima ilimwangukia aliyekuwa na mamlaka ya kuizuia hatari.

Ya pili ilitokea Wales mwaka 1998 katika mechi ya watu wazima wasiolipwa. Mchezaji mmoja wa mstari wa mbele aliumia akatoka, na hapakuwa na mwingine aliyefunzwa kazi hiyo. Badala ya kuagiza skramu zisizo za kusukumana, refa aliiachia timu uamuzi, nayo ikaweka mchezaji asiye na ujuzi wa nafasi hiyo. Katika dakika za mwisho, skramu ilikwenda mrama na mchezaji mwingine akapooza. Mwaka 2003, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba refa alikuwa na wajibu wa uangalifu hata ingawa alikuwa refa wa ridhaa asiyelipwa.

Hata hivyo, kesi hizi zisitutie hofu isiyo na msingi. Mahakama zilisisitiza kwamba kiwango cha kumtia refa hatiani ni cha juu. Mchezo huenda kasi, na refa hahukumiwi kwa kosa la kupima faulo au kuotea kwa jicho moja. Anahukumiwa kwa kulipuuza jambo ambalo alikuwa na nafasi ya kuliona, kulitafakari na kulizuia. Kwa kipimo hiki, mambo ya kando ya uwanja ndiyo yanayomweka msimamizi hatarini zaidi, kwa sababu mtaro, benchi na lango bovu havina kasi yoyote. Vilikuwepo asubuhi, vilikuwepo jana.

Kinga zinazodhaniwa kuwa kinga

Wasimamizi wengi hutegemea ngao tatu. Ngao ya kwanza ni Sheria ya 5 ya Mchezo, inayotamka kwamba mwamuzi hawajibiki kwa jeraha lolote la mchezaji, ofisa au mtazamaji. Maneno hayo yapo, na yana nguvu ndani ya mfumo wa kandanda. Lakini Sheria za Mchezo hutungwa na bodi ya vyama vya kandanda, si na Bunge. Haziwezi zenyewe kuifunga mahakama ya nchi inaposikiliza dai la uzembe.

Ngao ya pili ni ridhaa. Husemwa kwamba aliyeingia uwanjani amekubali hatari zake. Kauli hii ni nusu ya ukweli. Mwaka 1962, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa dai la mpiga picha aliyejeruhiwa na farasi akiwa pembezoni mwa uwanja wa mashindano, ikisema kwamba mtazamaji hukubali hatari za kawaida za mchezo. Lakini katika kesi ya kijana wa raga, utetezi huo ulitupwa. Mchezaji alikubali misukosuko ya mchezo; hakukubali refa aache kuzitekeleza kanuni zilizowekwa kumlinda.

Ngao ya tatu ni barua ya mzazi. Shule nyingi hutuma fomu isemayo kwamba shule haitawajibika kwa jeraha lolote. Fomu kama hiyo ina manufaa: huonyesha kwamba mzazi alijulishwa, na hutoa habari za pumu, kifafa au mzio wa dawa. Lakini haki ya kutodhuriwa kwa uzembe ni ya mtoto mwenyewe, na saini ya mzazi haimpi mwalimu ruhusa ya kuzembea.

Nani hulipa?

Kwa kawaida, mwajiri hubeba dhima ya makosa ambayo mwajiriwa ameyatenda akiwa kazini. Mwalimu aliyetumwa na shule kusimamia mechi yuko kazini, hata kama ni Jumamosi. Kwa hivyo dai huelekezwa pia kwa wale waliomtuma na kwa wenye uwanja. Hili ni faraja kwa mfuko wa mwalimu, ila jina lake litabaki katika hati za kesi, na maswali atayajibu yeye kizimbani.

Mahakama inaweza pia kugawa lawama. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, huruhusu fidia ipunguzwe kwa kadiri ya uzembe wa mdai mwenyewe; lakini mtoto hupimwa kwa hadhari inayotarajiwa kwa umri wake. Kwa upande wa wanaojitolea, Marekani ilipitisha mwaka 1997 sheria ya kuwalinda wahudumu wa mashirika yasiyo ya faida dhidi ya madai ya uzembe wa kawaida. Hata huko, kinga hiyo haimfikii aliyezembea kupindukia.

Hatua za kuchukuliwa

Uangalifu unaotakiwa na sheria hauhitaji pesa nyingi. Kabla ya mechi, msimamizi auzunguke uwanja mzima kwa miguu, atikise milingoti, aondoe mawe na vyuma, na aangalie hatua kumi nje ya kila mstari. Kisiki kisichong'oleka na kifunikwe au mstari usogezwe ndani. Sheria za Mchezo zinaruhusu vipimo vya uwanja kupunguzwa katika kandanda ya vijana. Kamba ya katani na vigingi kumi vinatosha kuwazuia watazamaji mita mbili tatu kutoka mstarini. Wachezaji wavue pete, bangili na mikufu, na wavae vikinga ugoko.

Wakati wa mechi, awepo mtu mmoja ambaye kazi yake si kufundisha wala kushangilia, bali kuangalia usalama. Awe na sanduku la huduma ya kwanza, simu yenye salio, na jina la gari litakalompeleka majeruhi hospitalini. Katiba, katika Kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Watazamaji wakivuka kamba, refa asimamishe mchezo hadi warudi. Aliyegongwa kichwa na akaonyesha dalili asirejee siku hiyo, hata ikiwa ni fainali na yeye ndiye nahodha.

Baada ya mechi, lango la kuhamishwa lifungwe au lilazwe. Tukio lolote liandikwe siku hiyo hiyo: saa, mahali, waliokuwepo, na hatua zilizochukuliwa. Kwa kawaida, dai la uzembe nchini Kenya hutakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3, na kumbukumbu ya binadamu haiishi muda huo bila kupotoka.

Hitimisho

Tumeona kwamba sheria haimtaki mwalimu awe malaika wala haimtaki aache michezo. Inamtaka aone kile ambacho mtu mwenye busara angekiona, na atende kabla ya mtoto kuumia. Methali isemayo ajali haina kinga inabaki kuwa kweli kwa yale yasiyotabirika. Haikutungwa kuwafunika waliouona mtaro wakaupitia kando. Kwa hao, wahenga walikuwa na methali nyingine: tahadhari kabla ya hatari.

Tutakapoulizwa tena katika mtihani dhima ni nini, tutaandika jibu la fasihi na kupata alama zetu. Lakini siku ya kwanza tutakapokabidhiwa filimbi, na tuikumbuke maana ya pili. Kisha, kabla ya kuipuliza, tuuzunguke uwanja.